Kuchagua Madirisha na Milango ya Chuma kwa Majengo ya Kale ya Lamu na Malindi

Kila msimu wa ukarabati unapokaribia, wenye nyumba, walimu wakuu na wasimamizi wa mali za wakfu huuliza maswali yale yale. Dirisha la chuma lililoliwa na kutu libadilishwe kwa lipi? Kwa nini lile lililowekwa mwaka juzi limeanza kutoa michirizi ya kahawia? Je, alumini haingekuwa nafuu? Na je, mtu anahitaji ruhusa kwa ajili ya dirisha moja tu? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa utaratibu wa kazi yenyewe, kwa mtu ambaye hajawahi kuagiza dirisha la chuma, na ambaye jengo lake liko mahali ambapo hewa ya chumvi hula chuma usiku na mchana.

Kabla ya hatua ya kwanza, shika kanuni moja ambayo maamuzi yote yaliyomo humu yameegemea: chuma kirudi pale tu kilipokuwa, kwa umbo lile lile, na kile ambacho bado kinaweza kutengenezwa kitengenezwe badala ya kutupwa. Fremu nyembamba ya chuma katika ofisi ya miaka ya 1930 ni sehemu ya sura ya jengo hilo kama kuta zake zilivyo. Fremu hiyo hiyo ikipachikwa katika nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, iliyojengwa karne ya 18 huiharibu nyumba, hata ikiwa imetengenezwa kwa ustadi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Andaa futikamba ya chuma, timazi, pimamaji, bisibisi imara, nyundo ndogo, brashi ya waya, kisu cha kukwangulia rangi, daftari, penseli na kamera ya simu. Tafuta kipande cha kadibodi ngumu na mkasi kwa ajili ya kunakili umbo la vyuma vya zamani. Uwe na barakoa inayochuja vumbi laini, glavu, na turubai la kutandika chini ya dirisha. Ikiwezekana, azima kipimo cha unene wa rangi na zinki, kile cha sumaku kinachotumiwa na wapaka rangi wa vyombo vya chuma. Utakihitaji siku ya kupokea mzigo. Zaidi ya vifaa, unahitaji watu watatu: fundi wa kuchomelea ambaye amewahi kutengeneza madirisha ya vyuma vyembamba na si mageti peke yake, mwashi anayejua chokaa, na mtu mwenye nguvu za kuinua ubawa wa dirisha bila kuupinda.

Hatua ya 1. Thibitisha kwamba uwazi huo ulikuwa na chuma tangu mwanzo

Nyumba za kale za mawe za Lamu zilielekea ndani. Upande wa mtaani kuta zilikuwa na madirisha machache mno, au hazikuwa nayo kabisa, kwa sababu mwanga na upepo viliingia kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na miimo ya milango pamoja na mbawa zake vilikuwa vya mbao. Majengo ya mbele ya bahari, yaliyoanza kujengwa mwishoni mwa karne ya 19, yalileta veranda na madirisha makubwa, lakini hayo nayo yalikuwa ya mbao zenye vibao vya kupitishia upepo. Madirisha ya chuma yalikuja baadaye, pamoja na majengo ya utawala wa kikoloni na yale ya miaka ya mwanzo ya uhuru: ofisi, shule, zahanati, maduka, bohari na nyumba za watumishi. Mengi ya madirisha hayo yalifuata mifumo ya Uingereza, ambako kampuni ya Crittall ya Essex ilianza kutengeneza madirisha ya chuma mwaka 1884.

Kwa hiyo, chunguza ukuta. Fremu ya chuma ya asili huwa na masikio ya chuma, yaani vipande vya kuishikilia, yaliyozikwa ndani ya ukuta wakati wa ujenzi, na lipu ya zamani huja kukutana na chuma bila alama ya kubomolewa. Ukiona vigingi vya mbao ndani ya ukuta, au matundu kwenye kizingiti cha juu na cha chini ambamo miimo ya mbao ilisimama, basi uwazi huo ulikuwa wa seremala, na fremu ya chuma iliyopo ililetwa na mtu aliyetaka wepesi. Hapo usiagize chuma kingine, mtafute seremala. Tafuta pia picha za zamani za jengo, na linganisha na majengo jirani ya umri ule ule.

Onyo: mlango wa kuchonga haubadilishwi kwa wa chuma kwa sababu ya wezi. Kama usalama ndiyo hofu, weka geti jepesi la nondo upande wa ndani, likiwa limeshikwa na ukuta na wala si na miimo iliyochongwa, kiasi kwamba linaweza kuondolewa siku yoyote bila kuacha kovu kwenye mbao.

Hatua ya 2. Omba ruhusa kwa maandishi

Mji Mkongwe wa Lamu umelindwa na sheria tangu mwaka 1986, na uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Sheria inayotumika sasa ni ile ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Ndani ya eneo hilo, kubadilisha dirisha la mbele ya jengo si jambo la mwenye nyumba na fundi wake peke yao. Nenda kwenye ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya iliyoko Lamu, kisha ofisi ya ujenzi ya kaunti. Aliye Malindi atahusika na Kaunti ya Kilifi. Si kila jengo la zamani mjini humo limeorodheshwa, kwa hiyo uliza hali ya jengo lako na upate jibu lililoandikwa.

Peleka picha ya dirisha lililopo, mchoro wa sura yake kwa kipimo cha 1:10, na mchoro wa mkato wa vyuma kwa ukubwa wake halisi. Mchoro huo wa mkato ndio unaowezesha ofisi kuona kwamba unarudisha kitu kile kile. Usimlipe fundi malipo ya awali kabla ya jibu kufika.

Hatua ya 3. Amua kama dirisha limekufa kweli

Kutu hudanganya macho. Huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na ndiyo maana dirisha linaloonekana limeoza kabisa huwa limepoteza chuma kidogo tu. Tandika turubai, gonga kwa nyundo ndogo hadi maganda yaanguke, kisha sukuma ncha ya bisibisi kwa nguvu kwenye sehemu zinazotiliwa shaka. Anza na chuma cha chini cha fremu na pembe zake mbili, kwa kuwa maji hukaa hapo; halafu nenda kwenye bawaba, kisha fito za kioo.

Ikiwa chuma cha chini peke yake ndicho kilichotoboka, kikate na uchomelee kipande kipya chenye umbo lile lile. Ikiwa ubawa umeliwa lakini fremu ni nzima, agiza ubawa tu. Kubadilisha dirisha zima kuna maana pale ambapo miimo yote miwili imetoboka mahali inaposhikana na ukuta, au pale ambapo fremu imepinda kiasi cha kutofunga hata baada ya kunyooshwa. Katika jengo lenye madirisha kumi na mawili, ni kawaida kukuta kwamba yale yanayotazama bahari yamekwisha na yale ya nyuma yanahitaji msasa na rangi tu. Yahesabu moja moja. Usiyahukumu yote kwa lile baya zaidi.

Onyo kubwa: rangi za zamani za chuma, hasa ile nyekundu ya chini, mara nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Usiisugue kwa msasa mkavu, usiichome kwa moto wala usitumie grainda juu yake. Ilainishe kwa dawa ya kuondolea rangi, au isugue ikiwa imeloa, ukivaa barakoa. Kusanya maganda yote kwenye turubai. Na uwaweke mbali watoto na wajawazito hadi pawe pamefagiliwa kwa kitambaa chenye maji. Funika kisima, birika na matangi ya maji ya mvua kabla ya kugusa dirisha lolote lililo juu yake.

Hatua ya 4. Nakili umbo la vyuma vya zamani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na huharibika kimyakimya, kwa sababu mteja na fundi wote husema wanataka "dirisha kama lile". Mfanano hauko kwenye idadi ya vioo peke yake. Uko kwenye upana wa chuma kinachoonekana, kwenye kina cha kivuli chake, na kwenye mahali ubawa unapokutana na fremu.

Dirisha la zamani lilitengenezwa kwa vyuma vyembamba vilivyoviringishwa kiwandani vikiwa moto, vyenye mkato wa herufi Z au T, na fito za kioo zenye uso wa takriban milimita 20. Dirisha la kawaida la gereji za leo hutengenezwa kwa bomba za mraba, na pale ambapo ubawa na fremu vinakutana unaweza kupata mstari mzito wa milimita 60 au zaidi. Ukisimama upande wa pili wa barabara utaona tofauti hiyo kabla hujaona kitu kingine chochote: jengo lililokuwa na macho mepesi limepewa mistari minene, na vioo vimepungua.

Kata kadibodi kwa umbo la kila chuma kilichopo: cha fremu, cha ubawa, cha ufito wa kioo, cha kati ambapo mbawa mbili zinakutana. Pima upana, kina na unene wa kila kimoja. Piga picha ya bawaba, ya mkono wa kufungia na ya kishikizo kinachouzuia ubawa usipigwe na upepo. Angalia kama vina chapa ya mtengenezaji. Kisha kwangua rangi taratibu mahali padogo, tabaka baada ya tabaka, ili uone rangi ya kwanza. Mara nyingi si nyeusi wala si nyeupe.

Hatua ya 5. Pima uwazi, ukikumbuka kwamba ukuta wa matumbawe haukunyooka

Pima upana juu, katikati na chini. Pima urefu kushoto, katikati na kulia. Pima milalo yote miwili, yaani kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini ya upande wa pili. Ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 10, uwazi umekaa upande na fundi lazima ajue. Chukua kipimo kidogo kabisa, kisha toa nafasi ya kufungia. Kwa mfano, upana ukiwa milimita 1,185 juu, 1,172 katikati na 1,180 chini, kipimo cha kazi ni 1,172. Ukitoa milimita 6 kila upande, fremu iagizwe kwa upana wa 1,160.

Pima pia umbali kutoka uso wa nje wa ukuta hadi fremu ya zamani, na uirudishe fremu mpya pale pale. Katika ukuta mnene, fremu ikisogezwa mbele hadi usawa wa lipu, kivuli kinachoipa sura ya jengo uzito wake hupotea, na mvua ya kusi hupiga moja kwa moja kwenye maungio.

Onyo: usikubali mwashi achonge jiwe ili fremu iliyokosewa iingie. Fremu hutengenezwa upya. Jiwe la kale halirudi.

Hatua ya 6. Chagua aina ya chuma

Chaguo la kwanza ni vyuma vilivyoviringishwa vikiwa moto, vyenye unene wa milimita 3 au zaidi, vya mkato wazi wa Z, T na L. Kila uso wake unaonekana, unafikiwa na brashi, na hauna tumbo la kuficha maji. Kama mkato kamili wa zamani haupatikani sokoni, chagua ulio karibu zaidi kwa upana wa uso, hata kama kina kinatofautiana kidogo.

Bomba za mraba zenye unene wa milimita 1.2 zina udhaifu ambao rangi haiutibu: huoza kutoka ndani. Hewa yenye chumvi huingia kupitia matundu ya skrubu na maungio yasiyojaa, na kwa kipimo cha ISO 9223, kiwango cha kimataifa cha jinsi hewa inavyokula metali, chuma kitupu katika hewa kali ya pwani hupoteza mikroni 80 hadi 200 katika mwaka wa kwanza. Mikroni 1,000 ni milimita moja. Hesabu iliyobaki unaweza kuifanya mwenyewe.

Chuma kisichoshika kutu, kile ambacho mafundi hukiita stenlesi, ni kizuri kwa skrubu, masikio na pini za bawaba, mradi kiwe cha daraja la 316, lenye molibdeni ndani yake. Daraja la 304 ndilo lililojaa madukani, nalo hutoka madoa na vidonda vidogo karibu na bahari. Kutengeneza dirisha zima kwa 316 kunawezekana, lakini gharama yake ni kubwa na haistahili ila kwa fremu iliyo karibu sana na maji.

Alumini haifai kwa kazi hii. Mikato yake ni minene kuliko ya chuma, na chokaa mbichi huila.

Hatua ya 7. Zinki kwanza, rangi baadaye

Soma sehemu hii mara mbili, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama dirisha litadumu miaka mitatu au thelathini.

Agiza dirisha lichovywe katika zinki iliyoyeyushwa, ambayo huwa na joto la takriban nyuzi 450 za Selsiasi, kwa mujibu wa kiwango cha ISO 1461. Kwa chuma chenye unene unaozidi milimita 3 na kufikia 6, kiwango hicho kinataka wastani wa mikroni 70 za zinki. Katika hewa ya daraja la C5, yaani ya ufukwe wenye chumvi nyingi, zinki hupungua kwa mikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba mikroni 70 peke yake hukilinda chuma kwa takriban miaka 8 hadi 17. Ukiongeza rangi nzuri juu yake, zinki haianzi kuliwa hadi rangi ichoke, na rangi haibanduki kwa kutu kwa sababu chini yake hakuna kutu. Viwili hivyo pamoja hudumu zaidi ya jumla ya kimoja kimoja.

Tahadhari na majina. Kuna zinki inayowekwa kwa umeme, ing'aayo kama fedha, ambayo kwa kawaida haizidi mikroni 15 na haitamaliza miaka minne kwenye ukuta unaotazama bahari. Kuna pia rangi ya rangi ya fedha inayopulizwa na kuuzwa kwa jina hilo hilo la zinki. Dai cheti cha kiwanda kilichochovya, na upime mwenyewe kwa kipimo cha sumaku sehemu tano tofauti za kila dirisha.

Mpangilio wa kazi haubadiliki. Kuchomelea kote, kutoboa matundu yote ya bawaba, vitasa na skrubu, na kujaribisha mbawa ndani ya fremu, vyote vimalizike kabla ya zinki. Weldi iwe mfululizo, isiwe ya madoa. Kati ya madoa asidi ya kusafishia hunasa na kutoka baadaye ikiwa michirizi ya kahawia. Kama kuna sehemu yoyote ya bomba, lazima itobolewe matundu ya hewa, kwa sababu bomba lililozibwa linaweza kulipuka ndani ya zinki ya moto na kuwajeruhi wafanyakazi. Acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati ya ubawa na fremu, kwa kuwa zinki na rangi huongeza unene kwenye kila uso. Uliza kiwanda urefu wa birika lao la zinki kabla ya fundi kuunganisha dirisha refu.

Fundi akichomelea au kukata baada ya zinki, ameiondoa kinga mahali hapo. Ikibidi, pasafishwe hadi chuma king'ae na papakwe rangi yenye zinki nyingi, tabaka mbili au tatu, siku hiyo hiyo.

Kuhusu rangi: usipake rangi ya mafuta ya kawaida moja kwa moja juu ya zinki mpya. Zinki humenyana na mafuta hayo na rangi hubanduka vipande vizima ndani ya miezi. Osha zinki kwa sabuni na maji matamu, wala si maji ya kisima chenye chumvi, ikwaruze kidogo au ipake dawa ya kuikwaruza, kisha paka rangi ya msingi ya epoksi na juu yake rangi ya poliurethani. Kingo kali zipakwe kwa brashi kwanza, kwa kuwa rangi hukimbia kingo.

Hatua ya 8. Kioo, puti na bawaba

Hifadhi vioo vya zamani vinavyotoka vizima. Mawimbi yake madogo hayapatikani tena. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Ubawa wa mita 0.5 kwa 1.2 wenye kioo cha milimita 3 hubeba kilo 4.5, kioo cha usalama cha tabaka mbili cha milimita 6.4 hubeba zaidi ya kilo 9. Tumia hicho kizito kwenye milango na kwenye vioo vilivyo chini ya kimo cha kiuno, na umwambie fundi mapema ili bawaba zilingane.

Puti ya madirisha ya mbao hukauka kwa sehemu kupitia mbao zinazonyonya mafuta yake. Chuma hakinyonyi. Nunua puti iliyoandikwa kwamba ni ya fremu za chuma, iache ifanye ngozi kwa wiki moja au mbili, kisha ipake rangi inayovuka puti na kugusa kioo kwa milimita 2, ili maji yasiingie katikati. Bawaba ziwe na pini inayoweza kutiwa grisi. Pale shaba inapokutana na zinki, tenganisha kwa washa ya plastiki.

Madirisha ya juu yanayofunguka kwa ajili ya upepo yasigeuzwe kuwa vioo vya kudumu. Kuta za matumbawe na chokaa huvuta na kutoa unyevu, na chumba kisichopitisha hewa hufuga ukungu.

Hatua ya 9. Milango

Bati la chuma lina uzito wa kilo 7.85 kwa mita ya mraba kwa kila milimita. Ubawa wa mita 0.9 kwa 2.1 wenye bati la milimita 1.5 pande zote mbili una kilo 44 na zaidi kabla ya kuhesabu fremu yake. Uwekewe bawaba tatu, mbili zikiwa karibu na juu, na ukuta ukaguliwe kwanza. Mlango wa bati pande mbili uwe na matundu ya kutolea maji chini. Kwa maduka na bohari za zamani zenye milango ya bati moja lililopigwa ribiti, irudishe vivyo hivyo, bati moja, mgongo wazi, ili rangi ifike kila mahali.

Hatua ya 10. Kusafirisha na kufunga

Mzigo wa Lamu hufika Mokowe kwa lori, huvuka kwa chombo, na mjini humalizia kwa mkokoteni, punda au mabega ya watu. Panga madirisha yakiwa wima, na vipande vya mbao katikati yake ili hewa ipite. Zinki mpya iliyolazwa ikigusana, ikaloa kwa maji ya bahari na kufunikwa turubai, hufanya unga mweupe ndani ya siku chache. Yakifika, yaoshe kwa maji matamu mara moja. Wakati mzuri wa kufunga ni kaskazi, kabla ya masika.

Kagua kizingiti cha juu kabla ya kutoa fremu ya zamani. Kama ni boriti iliyooza, itengenezwe kwanza, kwa kuwa dirisha halikuumbwa kubeba ukuta. Simamisha fremu kwa timazi, ihakikishe kwa milalo, ifunge kwa masikio ya 316, na ujaze pembeni kwa chokaa na mchanga wa nchi kavu uliooshwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hiyo itaishi milele dhidi ya chuma chako. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na hufungia unyevu ndani yake, hivyo jiwe ndilo linalovunjika. Chokaa mbichi ikirukia zinki au kioo, ifute papo hapo. Kizingiti cha chini kiinamie nje.

Baada ya hapo, osha madirisha yanayotazama bahari kwa maji matamu kila mwezi, tia grisi bawaba kila miezi sita, na ukague rangi kila mwaka baada ya masika.

Matatizo yanayojitokeza na tiba zake

*Ubawa haufungi baada ya wiki chache.* Pima milalo ya fremu. Ikiwa imehama, masikio hayakushika kabla mabano ya kuishikilia kwa muda hayajaondolewa. Legeza, nyoosha, funga upya. Ikiwa haikuhama, tazama rangi iliyojaa kwenye bawaba na maungio. Usikwangue kwa tupa hadi ukafikia chuma.

*Michirizi ya kahawia kwenye pembe, huku chuma kikiwa kizima.* Ni asidi au chumvi iliyonaswa kwenye weldi isiyojaa. Osha mara kadhaa kwa maji matamu, acha pakauke kabisa, kisha ziba ufa kwa gundi ya kuzibia inayokubali rangi. Kuchomelea hapo kutaunguza zinki.

*Rangi inabanduka vipande na chini yake zinki ni safi.* Rangi ya mafuta ilipakwa juu ya zinki bila maandalizi. Haina kiraka, iondoe yote na urudi kwenye hatua ya 7.

*Unga mweupe juu ya zinki.* Usugue kwa brashi ngumu isiyo ya waya, osha, kausha, kisha pima unene. Ukiwa bado unafika mikroni 70, endelea na rangi.

*Kioo kinapasuka kuanzia pembeni.* Ama kilikatwa bila nafasi ya milimita 2 au 3 kila upande, ama kutu chini ya puti imevimba na kukibana. Toa puti yote ya upande huo kabla ya kuweka kioo kingine, usije ukapasua na cha pili.

*Maji yanaingia chini ya fremu wakati wa kusi.* Angalia kwanza kama matundu ya kutolea maji kwenye chuma cha chini yamezibwa kwa rangi au puti. Yakiwa wazi, kagua mwinamo wa kizingiti na maungio ya chokaa. Kumwaga silikoni upande wa ndani huyafungia maji ndani ya ukuta.

*Jiwe linapasuka kando ya fremu.* Sikio la zamani lililobaki ukutani linavimba kwa kutu. Lichimbwe lote kwa tindo, kwa uangalifu, hata kama fremu mpya italazimika kusubiri. Pajazwe chokaa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikiachwa ishike kabla ya inayofuata, na fremu ifungwe mahali pengine kwenye jiwe zima.